Fahali wa Siddamma

Tangu mumewe afariki na binti yake aolewe mjini Bengaluru, Siddamma hakuwa na wa kuzungumza naye ila Nandi, fahali wa jiwe aliyelala mbele ya hekalu kuukuu la mungu Shiva nje ya kijiji. Kila asubuhi alifagia, akaweka maua, kisha akainama kumnong'oneza sikioni habari za nyumbani, hata za nyanya kupanda bei.

Asubuhi moja alimkuta amevunjwavunjwa. Mahali alipolala palikuwa na shimo refu, na ndimu za uganga zilizopakwa manjano zimezagaa pembeni. Wasaka hazina, wanaoamini kuwa dhahabu ya kale huzikwa chini ya sanamu, walikuwa wamepita.

Polisi alikuja, akachungulia shimoni. "Wamepata dhahabu, bibi?"

"Waipatie wapi, mwanangu? Humo mlikuwa na udongo tu."

"Basi hamjaibiwa kitu," akasema, akawasha pikipiki yake akaenda.

Siddamma akaketi kando ya vipande. Siku hiyo alikuwa amekuja na habari kubwa: binti yake amejifungua mtoto wa kike. Akapekuapekua kifusi mpaka akakipata kichwa cha Nandi, kimepasuka katikati. Akakifuta vumbi kwa upindo wa sari, akakilaza kivulini, akarudi nyumbani na habari yake.