Sikukuu Bila Mlango

Mama Chiriku hakuwa na kipaji cha uongo. Usukaji alikuwa nao. Mikono yake iligawa kichwa kwa mistari iliyonyooka hata akifumba macho. Lakini kudanganya kulimshinda tangu utotoni. Ndiyo maana siku alipompigia wifi yake simu ya uongo aligeukia ukutani, asije akajiona kwenye kioo cha kazi.

"Wifi, sikukuu hii hatutakuwepo," alisema. "Tunasafiri. Tunakwenda kwa kaka yangu."

"Haya," wifi akajibu. "Mfike salama. Msalimieni."

Hakuna aliyekuwa akienda popote. Kiwanda cha samani alichofanyia kazi mumewe kilikuwa kimefungwa kabla hata mvua hazijaanza, na tangu hapo Baba Chiriku alishinda nyumbani akigusagusa vitu vilivyo vizima ili avitafutie ubovu. Wateja wa nywele nao walikuwa wameanza kusukana wenyewe kwa wenyewe, na huwezi kumnunia mtu kwa kubana matumizi. Tabu ni kwamba nyumba hii ya vyumba viwili ndiyo iliyobeba sikukuu ya ukoo miaka yote. Watu walijaa humo mpaka wengine wakala wamesimama, na wa kwanza kufika alikuwa wifi, dada mkubwa wa Baba Chiriku, mjane aliyekuwa mfuaji wa nguo katika hoteli moja. Huyo akiingia jikoni hasalimii watu kabla hajasalimia sufuria. Atafunua hii, atafunua ile, halafu atatoa hukumu. "Chumvi umeisahau." Au, "Mwaka huu nyama imekonda, ilikuwa inaumwa?" Mama Chiriku alimheshimu, na alimwogopa kuliko alivyomheshimu. Ampokee na sufuria moja ya maharage? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na wifi wa aina ile.

Kwa hiyo mpango ukawa huu: siku ya sikukuu mlango ufungwe, madirisha yafungwe, na wote watatu wakae ndani kimya mpaka giza liingie. Jamaa wengine walikuwa wameshaambiwa habari za safari, na majirani pia. Baba Chiriku alikubali shingo upande. Binti yao, aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuomba likizo, alihitaji maelezo zaidi.

"Tusiongee kabisa?"

"Kunong'ona tu."

"Na kucheka?"

"Utacheka kesho."

"Na nikipiga chafya?"

"Utaimeza," mama yake akasema, na mjadala ukafungwa.

Asubuhi ya sikukuu kilichogoma kufungwa ni mlango. Mvua za siku zile zilikuwa zimeingia kwenye mbao, zikavimba, na mlango ukawa unakwama katikati ya njia na kuacha uwazi wa kupitisha mkono. Mtu aliyesafiri haachi mlango wake hivyo.

"Nitaupiga randa kidogo," Baba Chiriku alisema, na mkewe akaona macho yake yanang'aa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Dakika chache tu. Kabla watu hawajaamka vizuri."

Angejua, angemkataza. Lakini mwanamke anayempenda mumewe hawezi kumnyima kazi mtu aliyeikosa kazi kiasi kile. Baba Chiriku alichukua bisibisi, akafungua skrubu zote huku akipiga mluzi mdogo mdogo, akaung'oa mlango na kuupeleka uani. Randa ikaanza kula mbao. Maranda yakajikunja na kudondoka miguuni pake, na yeye akawa mtu mwingine kabisa, mgongo umenyooka, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Mama Chiriku alisimama akamtazama na kusahau kwamba wanajificha.

Sasa, seremala yeyote atakwambia kwamba kabla hujaung'oa mlango unaikagua kwanza fremu. Hilo hufundishwa hata yule aliyeanza kazi jana. Lakini njaa ya kazi ni kama njaa nyingine, haisubiri kunawa mikono. Baba Chiriku aliporudi na mlango wake uliolainika ndipo alipobonyeza fremu kwa kidole mahali pa bawaba, na kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamekula ndani kwa ndani na kuacha rangi ya juu tu.

"Skrubu hazina pa kushika," alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja bakuli.

"Kwa hiyo?"

"Nitachonga kipande kizima, nikipachike hapa kwa gundi. Ikikauka, mlango unarudi."

"Inakauka saa ngapi?"

Alijikuna kichwa. "Jioni. Gundi haikimbizwi, mama."

Mama Chiriku alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba hawapo nyumbani. Akauma midomo. Wakakubaliana kuuegemeza tu mlango kwa ndani, uzibe nafasi yake hivyo hivyo, na asiusogelee mtu. Kwa muda mambo yakaenda sawa. Kipande kipya kikapachikwa kwenye fremu, gundi ikaanza safari yake ya polepole, maharage yakachemka jikoni chini ya kifuniko kilichobanwa ili harufu isitoke. Walikaa sakafuni wakitazamana. Nje watu walisikika wakisalimiana na kutakiana heri, na kila salamu ilipopita karibu, Mama Chiriku aliona aibu mpya ambayo hakuwa ameipangia. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake.

Chiriku alivumilia kadiri mwili wake ulivyoruhusu. Halafu akatambaa, akaweka jicho kwenye uwazi wa pembeni ili aone tu nani amevaa nini, akaegemea kidogo, halafu kidogo tena. Mlango ukaanguka nje kwa kishindo kilichoamsha mbwa wote, na Chiriku akaanguka nao, akabaki amelala juu yake mzima wa afya.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mama Mkaa, muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika kabla yake. Alisimama, akashika kiuno.

"He! Nyie si mmesafiri?"

"Tumerudi!" Chiriku akajibu kutoka juu ya mlango.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mwisho wa kibaraza. Mama Chiriku alitoka nje kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Alifungua mdomo aanze kutunga jambo kuhusu gari lililoharibika, akamwona Mama Mkaa anavyomtazama, akaliacha.

"Hatukwenda popote, jirani," alisema. "Hatuna kitu. Tuliona aibu tukajifungia."

Mama Mkaa alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa kibaraza. Si kicheko cha dharau. Alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Jamani, na mimi unaniona nakaa na mkaa wangu siku ya sikukuu, unadhani nasubiri mteja gani? Nimekimbia nyumba tu, kulivyo kimya. Mna nini humo ndani?"

"Maharage."

"Mimi nina viazi. Na mkaa hata wa kuchomea mji. Twende basi, mbona unanitazama?"

Hapo mambo yakawa mengi kwa pamoja. Baba Chiriku aliukagua mlango, akaona haujapata hata ufa, na badala ya kuurudisha ndani akaulaza juu ya mabenchi mawili pale kibarazani, ukawa meza. Aliupangusa kwa kiganja kwa fahari isiyofichika. Fundi viatu wa jirani, mtu mpole aliyezoea kula peke yake, alipita na mkate kwapani, akaulizwa anaupeleka wapi, akaketi. Chiriku aliruhusiwa kuongea na akalipa deni la asubuhi nzima. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu, na Mama Chiriku alihisi kupona kweli, kuanzia mabegani. Alikuwa anamenya viazi na kucheka jambo la kipuuzi alilolisema fundi viatu, aliponyanyua macho akamwona wifi yake.

Alikuwa akija kwa miguu, taratibu, amevaa nguo yake ya sikukuu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na mkononi ana bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Mama Chiriku alitazama nyuma atafute pa kujificha, akaona nyumba yote mpaka uani, wazi.

Wifi alifika akasimama. Alitazama mlango uliogeuka meza. Akamtazama mdogo wake aliyejaa maranda kwenye nywele. Kisha, bila kumsalimia mtu, akaenda kwenye sufuria ya maharage iliyotolewa kibarazani, akafunua kifuniko. Kibaraza kizima kilinyamaza, hata Chiriku.

"Chumvi ipo," alisema, akafunika.

Akaketi. Alifungua kitambaa na bakuli likawa na wali, kidogo, wa mtu mmoja, akaumimina wote kwenye sinia la katikati. Viazi vilipoiva, Mama Mkaa akapakua. Wakala wote kwenye mlango ule, viwiko vikigongana, na chakula kikatosha kwa namna ambayo Mama Chiriku hakuielewa na hakutaka kuichunguza. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila kitu alichokiona: viazi, kelele, mume anayemweleza fundi viatu namna ya kuchagua mbao kavu kana kwamba kesho anarudi kazini. Lakini kila akimtazama wifi yake, aliikumbuka ile simu.

Baada ya kula, wanaume walikwenda kuitazama gundi, ambayo haikuhitaji kutazamwa. Mama Mkaa alivuka barabara kufuata sukari ya chai na Chiriku akamfuata akisimulia. Mawifi wawili wakabaki.

"Wifi," Mama Chiriku akaanza. "Nilikudanganya."

"Najua. Watu wanaosafiri hawaloweki maharage."

"Nisamehe. Niliona haya. Niliogopa uje ukute nyumba haina kitu." Kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu alipomwona akija. "Lakini wewe ulijua hatupo. Nilikuambia tunasafiri na ukaniamini. Sasa leo ulikuja kufanya nini?"

Wifi alianza kukunja kile kitambaa cha bakuli, akakikunja pembe kwa pembe kama wanavyokunja mashuka hotelini.

"Pale hotelini wametupunguza," alisema. "Sikumwambia mtu. Wageni hawaji, nguo za kufua hakuna. Ulipopiga simu nikasema afadhali, maana ningekuja kwenu mikono mitupu, mimi niliyezoea kufunua sufuria za watu. Leo nikapika wali wangu, nikakaa nao. Haukupita, wifi. Nyumba ilikuwa kimya, nasikia mpaka meno yangu. Nikaufunga nikaja huku."

"Kwenye nyumba iliyofungwa?"

"Nilitaka kukaa hapa kibarazani. Miaka yote sikukuu yangu iko hapa, tangu shemeji yako afariki. Nikasema nitakaa kwenye kibaraza chao nile, halafu nitawafagilia uwanja, niondoke. Nisingemsumbua mtu."

Mama Chiriku aliona yote kwa mara moja, wazi kama yaliyotokea. Aliwaona wao watatu sakafuni, wamebana pumzi, kiganja chake kikiwa juu ya mdomo wa Chiriku. Aliona mlango umefungwa vizuri, mzuri, uliopigwa randa na fundi. Na upande wa pili wa mbao, karibu kiasi cha kusikia kijiko kikigonga bakuli, wifi yake anakula peke yake. Wangemsikia. Wangedhani ni adui, wakangoja aondoke, na akishaondoka wangeshukuru.

Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Ningekuacha nje," alisema. "Wifi, ningekuacha hapo nje."

"Hukuniacha."

"Ni mchwa tu walioniokoa."

"Basi tuwashukuru mchwa," wifi akasema, na sauti yake kali ikayumba kidogo. Akaweka kitambaa pembeni. "Sikiliza. Mwakani sijui tutakuwa na nini. Lakini usiniambie tena mnasafiri. Ukiwa huna kitu, niambie huna kitu, nitakuja tukae hivyo hivyo. Mimi sikuwa nakuja kula. Zile sufuria nilikuwa nazifunua kwa sababu sijui kusema maneno mengine."

Mama Chiriku akasogea mpaka mabega yao yakagusana, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulithubutu tangu alipoolewa katika ukoo ule: akakilaza kichwa chake juu ya bega la wifi yake. Bega lile lilikakamaa kwanza. Halafu likashuka kidogo, likampokea.