Vijiko Vitatu Vitatu

"Baba, njoo uone," binti yake alimwita kutoka chumba cha mizani. "Nimepata kitu ambacho hata profesa hakukitegemea."

Mtunza mabwawa akajifuta mikono kwenye suruali, akaingia. Miaka ishirini alikuwa akifuga samaki aina ya perege pale kituo cha utafiti, na mwaka huu mwanawe mwenyewe ndiye aliyekuja kufanya utafiti wa shahada. Alikuwa akilinganisha aina mbili: wale wanaotaga juu ya mawe, baba na mama wakalinda pamoja, na wale ambao mama huatamia mayai mdomoni, bila kula kitu mpaka watoto watoke.

"Hawa wa mawe, kila mama na idadi yake ya mayai," alisema binti. "Lakini wa mdomoni! Mia tatu, mia tatu na mbili, mia mbili tisini na tisa. Awe mkubwa, awe mdogo. Utadhani waliitana kikao."

Alicheka peke yake. Baba alikumbuka siku ya kuvua.

Alikuwa ameambiwa avue mama wa mdomoni mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe chake cha mayai. Siku hiyo jua kali, kiuno kinamsumbua, akawavuta wote kumi kwa mkupuo. Wakashtuka, wakatema mayai yote ndani ya wavu. Asijue lipi la nani, akachukua kijiko akayagawa, vijiko vitatu vitatu kila kikombe, haki bin haki, asipunjwe mtu.

"Kesho nawasilisha," binti alisema. "Profesa ataacha kuniita mtoto wa bwawani."

"Mama." Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Hawakuitana kikao. Niligawa mimi."

"Uligawa nini?"

Akamweleza yote, macho sakafuni. Binti alifuta hesabu ubaoni taratibu, akachukua simu.

"Shikamoo, mwalimu. Kesho sitawasilisha, hesabu za wale wa mdomoni hazifai. Hapana, mtunza mabwawa hana kosa. Nimekosea mimi, sikusimamia kazi."

Sauti ya profesa ilisikika ikifoka hadi mlangoni. Binti aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," mara nne, bila kumtazama baba yake. Mzee alitaka kuiomba ile simu aseme mwenyewe, lakini mkono haukunyanyuka. Alibaki amesimama pale, mtu mzima na mvi zake, akisikiliza mwanawe akigombezwa kwa ajili yake.