Pale Stima Ilipopotea

Chome hakuwa mtu wa kukasirika ovyo, lakini ukimkosolea "Maji ya Kiunoni" ulikuwa umemtonesha kidonda. Wimbo ule aliutunga mwenyewe, enzi za ujana wake, alipokuwa na nywele nyingi na gitaa la kuazima, pamoja na wenzake waliojiita Mwamba wa Ukunda. Siku hizo kupiga roki kanisani lilikuwa jambo la kuitiwa kikao cha wazee. Waliitwa, wakakanywa, wakaombewa, na Jumapili iliyofuata wakapiga kwa sauti ya juu zaidi. Mwimbaji wao alikuwa msichana mmoja mwembamba kutoka Kinango aitwaye Dama, ambaye baadaye Chome alimwoa.

Wimbo wenyewe waliutoa kwa nabii Ezekieli, yule aliyeingizwa mtoni akakuta maji ya vifundoni, kisha ya magotini, kisha ya kiunoni. Waliurekodi mara moja tu, kanisa likiwa limejaa pomoni, kwa kamera ya mpiga picha za harusi. Walipofika ubeti wa tatu, stima ikapotea. Gitaa likanyamaza, besi ikanyamaza, kipaza sauti kikafa mkononi mwa Dama. Lakini kamera ilikuwa ya betri, nayo ikaendelea kunasa. Dama hakujua afanye nini, akaendelea kuimba, na Tsuma aliyekuwa nyuma yake akaendelea kupiga ngoma, mpaka stima iliporudi na gitaa la Chome likaingia kwa kishindo.

Chome ni fundi wa umeme, kwa hiyo aibu ile aliichukua kama yake binafsi. Alipoajiriwa hotelini Diani na kupata kompyuta ya kuchezea, jambo la kwanza alilofanya ni kukata sehemu yote ile na kuunganisha gitaa na gitaa, hata usione mshono. Akamwambia mkewe, akitabasamu mpaka masikioni, kwamba ameusafisha wimbo. Nakala hiyo safi ndiyo iliyopigwa nyumbani kwao miaka yote, ndiyo waliyosikilizishwa wageni, wapende wasipende. Dama alisema ni vyema, akaenda zake kuosha vyombo.

Aliumia. Kama alichokiimba siku ile kilikuwa uchafu wa kusafishwa, basi aliimba vibaya, na yeye hakuwa na lingine la kuamini kwa sababu hakuwahi kuisikia tena sehemu ile. Tangu hapo hakuimba peke yake. Katika kwaya alijipenyeza safu ya nyuma, baina ya akina mama wenye vifua vya tarumbeta, akajificha humo kwa raha zake. Sasa binti yao Viola, aliyekuwa mwalimu wa chekechea Msambweni, alikuwa amemwomba aje awaongozee vijana wa kanisa la huko "Maji ya Kiunoni" Jumapili ya mavuno, na Dama alikuwa anamkwepa. Mara mafua, mara hana nguo ya kuvaa. Kitu alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mumewe amwambie, walau mara moja, kwamba siku ile hakuharibu. Lakini Dama si mtu wa kuomba kusifiwa, na Chome si mtu wa kubahatisha yaliyo moyoni mwa mwenzake.

Viola akaja Ukunda Jumamosi moja mchana, na simu yenye wimbo ule ule, ambao yeye na vijana wenzake wa Msambweni walikuwa wameuimba upya. Chome alikuwa amejiandaa kama hakimu. Alikuwa amemwita Tsuma kutoka Tiwi, kule anakofuga mbuzi siku hizi, na alikuwa ametoa sebuleni spika mbili kubwa zilizotupwa na hoteli akazifufua. Viola akamwamkia Tsuma shikamoo, wali wa nazi ukaliwa, soda zikanywewa, na kesi ikaanza.

Kwanza wakasikiliza wimbo wa zamani, nakala ile ya Chome. Madirisha yalitetemeka. Chome alifumba macho na kusindikiza kila noti kwa kidevu. Ulipokwisha, Tsuma alikuna kichwa akauliza mbona umekuwa mfupi, na ngoma zake za katikati zimekwenda wapi. Chome akajifanya hakusikia.

Kisha ukaja wa vijana. Ulianza na kayamba likichekecha taratibu, ngoma ya chapuo ikaingia chini yake, halafu sauti, moja, mbili, mwisho kundi zima. Ulikwenda hivyo mwanzo hadi mwisho, bila haraka na bila waya hata mmoja. Dama alikuwa ameshika sahani ya maembe na hakuiweka chini. Ulimfanya ahisi kama amerudi mahali alipopata kuishi, ila hakukumbuka ni wapi.

Chome, haki yake apewe, alianza na sifa. Alikubali kwamba sauti zimepangwa vyema, na kwamba maneno yanasikika yote, wakati katika wimbo wao wa zamani ilikubidi uwe unayajua tayari. Tsuma akasema ni kweli, yeye mwenyewe alipiga ngoma mwaka mzima akijua neno "maji" tu. Lakini baada ya hapo Chome akakunjua kucha. Alisema wimbo wao ulikuwa mto na huu ni maji ya kopo. Alisema roki bila gitaa ni pilau bila nyama, utashiba lakini utajua umeibiwa. Kwa nini walilitoa gitaa, alitaka kujua, na nani aliwapa ruhusa.

Viola alingoja baba yake amalize, kama alivyolelewa.

"Niwie radhi, baba," akasema. "Gitaa hatukulitoa sisi. Tuliuchukua wimbo pale stima ilipopotea, tukaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho."

Chome akashangaa amejulia wapi habari za stima. Viola naye akashangaa kuulizwa. Kwani nani asiyejua? Wimbo mzima, vile ulivyonaswa na kamera, ulikuwa umepita kutoka simu moja hadi nyingine pwani yote ile ya kusini, ila kwa mtunzi wake mwenyewe haukufika, kwa kuwa Jumapili nyingi alikuwa zamu hotelini, wala kwa Dama, kwa kuwa kanisani kwao walishika nakala safi ya mumewe. Makanisani waliuimba wakiamini kwamba ndivyo ulivyotungwa. Ukifika ubeti wa tatu, mpiga kinanda hunyanyua mikono na watu wakaimba wenyewe. Kule Jego walikuwa hata na shemasi wa kusimama karibu na ukuta na kuzima swichi kuu, feni zikasimama, wazee wakatoka jasho, mpaka ubeti umalizike. Tsuma alicheka hadi akashika mbavu. Chome hakucheka.

Viola akautafuta katika simu, akauunganisha na zile spika. Dama alipoona hivyo alisema anakwenda kutazama jiko, ingawa jikoni hakukuwa na kitu motoni. Binti yake akamshika mkono, akamkalisha.

Gitaa lilivuma beti mbili, kisha likakatika. Palisikika mbao za mabenchi, na mtoto akilia nyuma. Halafu sauti ya msichana. Ilitetemeka mwanzo, hilo Dama alilikumbuka sawasawa. Asilolikumbuka ni kwamba haikuendelea kutetemeka. Kwenye mstari wa pili ilikuwa imesimama imara, na ngoma ya Tsuma ikaifuata kwa adabu. Mama mmoja akaitikia, kisha wengine, kisha kanisa zima likawa linaimba chini yake na kumbeba. Dama alijisikiliza kama anayemsikiliza mtu mwingine, na akampenda yule msichana, akamwonea fahari. Gitaa liliporudi kwa kishindo chake, kila mtu sebuleni alitamani lingechelewa kidogo.

Chome alikuwa ameinama. Siku ile ya kukata alikuwa anatazama tu michirizi ya wimbo kwenye kompyuta, sauti ameizima, anatafuta pale gitaa linapoishia na pale linapoanza.

"Mama Viola," akasema, "hivi mimi nilikuwa nakata nini?"

Swali hilo Dama alikuwa amelingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba hasira yake ilikuwa imekwisha njiani.

"Ulikuwa wanikata mimi, baba Viola."

Tsuma akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajanyweshwa. Akaaga, na Viola akatoka kumsindikiza. Walipobaki wawili ndani, Chome akamwomba mkewe msamaha, kwa maneno machache na bila kujitetea. Alisema alikuwa anatafuta gitaa lake, na wimbo wenyewe ulikuwa pale lilipokosekana. Dama alilia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya leso, akamwambia ale maembe kabla inzi hawajayala.

Jumapili ya mavuno kanisa la Msambweni lilikuwa na mihogo, madafu, korosho na kuku waliofungwa miguu chini ya madhabahu. Vijana walikuwa wamekubaliana na Chome kuchanganya namna zote mbili za wimbo: beti mbili za kwanza kwa gitaa lake, kama zamani kabisa, halafu wao na kayamba lao, na mwishoni gitaa liingie tena kama linavyojulikana. Dama alisimama mbele. Hakuwa na mafua, na nguo ilikuwa imepatikana.

Ubeti wa tatu ulipofika stima ilikuwepo, na feni zinazunguka. Chome akainamia gitaa lake na kupunguza sauti kwa mkono wake mwenyewe, mpaka likanyamaza. Dama akaimba. Watu walimwacha aimbe mstari mzima peke yake, kisha wakaitikia, na waliokuwa nje kwenye kivuli wakaingia. Aliimba mpaka mwisho wa ubeti na kugeuza shingo, kama walivyopanga, kungoja gitaa.

Halikuja. Viola akamkonyeza baba yake, mpiga chapuo naye akamkonyeza. Chome alikuwa amesimama na mkono umening'inia kando ya nyuzi, amesahau zamu yake, anamsikiliza mkewe. Basi Dama akaurudia ubeti.