Mfuko Uliopashwa Moto

Muhire aliwajua ng'ombe. Mambo ya hospitali hakuyajua, wala hakupenda kuuliza.

Binti yake Uwamahoro, wa miaka minne, alilala katika kituo cha afya karibu na Kashebere. Malaria ilikuwa imemla damu hadi viganja vikageuka rangi ya unga wa muhogo. Muhire alimbeba mgongoni kutoka malishoni, huko juu milimani Masisi. Akajitolea atolewe damu, lakini kundi lake la damu na la mtoto hayakupatana. Kwenye friji ulibaki mfuko mmoja tu wa damu unaofaa.

Muuguzi Francine aliuweka mezani. Mara akaitwa mbio chumba cha uzazi.

"Papa Muhire, nakuya sasa hivi. Usiguse kitu."

Muhire akagusa. Lo! Baridi kama maji ya mlimani. Kwao mtoto mgonjwa hanyweshwi maziwa ya baridi, na damu hii ingeingia moja kwa moja mshipani! Chini ya kitanda palikuwa na sufuria ya maji ya uji, mvuke ukipanda. Akautumbukiza mfuko, akangoja, akautoa, akaufuta kwa shati.

Francine alipokuja, joto la mfuko lilikuwa limekwisha. Akasoma jina, akasoma kundi. Yote sawa.

"Ukae karibu, Papa. Akitetemeka, ao akilia mugongo, ao mukojo ikitoka nyekundu, uniite mbio. Damu inaponya, lakini inaweza kuua."

Akaanza kuunganisha mpira wa kupitishia damu. Muhire akamshika mkono.

"Mama, ngoja. Niliipasha moto."

"Ulifanya nini?"

"Mu maji ya uji. Ilikuwa baridi."

Francine alifumba macho. "Ile damu imeharibika. Ingemufunga figo." Akautoa mfuko. "Sasa enda inje, utafute muntu wa damu ya O. Na useme sababu."

Barazani walikaa wauguzaji, mvua ikinyesha. Muhire akasema yote, macho chini. Wakacheka.

"Mwenye ng'ombe! Ulisahau kutia sukari?" Huyo alikuwa Élie, mwindaji wa Itebero aliyemleta mama yake.

Élie akamtazama Muhire, kicheko kikamwisha.

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Ine."

"Mimi damu yangu njo O, walisha kunipima." Akasimama. "Lakini hii yangu usiipike."

Damu yake ilibidi ipimwe kwanza: ukimwi, homa ya ini, kaswende, kisha ichanganywe na tone la damu ya mtoto kuona kama zinakubaliana. Saa nzima. Uwamahoro alihema kama mbwa aliyekimbizwa, na Muhire alisikia kila pumzi.

Élie akatolewa damu, mfuko wa pili ukatundikwa, ungali na joto la mwili wa Élie. Muhire akaketi ukingoni mwa kitanda, akaikalia mikono yake asiguse kitu, akatazama matone. Mara mguu wa mtoto ukatikisika.

"Mama Francine! Anatetemeka!"

Francine akaja mbio, akapima joto, akashika mshipa, akainama kutazama kitanda.

"Hapana, Papa. Ni wewe unatetemesha kitanda. Ondoka hapo, ukae chini."

Akakaa chini, matone yakiendelea kushuka. Mtoto alikuwa bado hajafumbua macho.