Kizibo cha Kisima Namba Tisa

Kaka yangu watu wote wanamwita Saruji, na jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini ameziba visima vya mafuta vilivyokauka, na hujisifu kwamba vizibo vyake vitawazika mpaka wajukuu zake. Mimi ni mpima gesi wa kampuni hiyo hiyo anayoifanyia kazi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi, kwa hiyo alichosema kuhusu visima nilikimeza bila kukitafuna.

Mwaka jana kampuni ilianza kukusanya hewa ukaa ya viwandani na kuisukuma ardhini, kwenye miamba iliyotoa mafuta zamani. Kila kisima cha kale kilipaswa kukaguliwa kwanza, hewa isije ikapanda kupitia humo. Namba tisa kiko nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya mteremko. Kukikagua ni kukata bamba la chuma mdomoni, kushusha bomba mpaka liguse saruji, kisha kuligandamiza kwa uzito kuona kama kizibo kinahimili. Ni kazi ya siku nzima, kwenye jua. Nikampigia kaka simu.

"Hicho nilikiziba mwenyewe, mdogo wangu," akasema. "Saruji mita hamsini. Unanijua au hunijui?"

Nikatia sahihi fomu ya ukaguzi bila kushusha bomba.

Wiki hiyo hiyo kaka, tuliyekuwa tukiishi naye ua mmoja, alihamia mtaa wa juu na mkewe, watoto na mbwa wao. "Na nyinyi hameni," alinishauri. "Huku chini mbu wamezidi." Nilimcheka. Mtu mzima, na kifua chote kile, anakimbia mbu!

Mama yetu nikabaki naye mimi. Magoti yake hayataki ngazi za ghorofani, kwa hiyo analala chumba cha chini, kile cha kushuka vidato vitatu. Kwa miezi miwili alilalamika kichwa kizito na pumzi fupi. Nikamwambia ni uzee.

"Uzee gani huo unaoisha nikitoka nje?" alinijibu. Mama hajawahi kuniacha nishinde maneno.

Jumanne nilirudi kutoka kazini nikiwa nimesahau kuzima kipimo cha gesi. Niliweka mkoba sakafuni kando ya kitanda chake, na kipimo kikaanza kulia. Nilipokiinua kifuani kikanyamaza. Nilipokirudisha chini kikalia tena. Hewa ukaa ni nzito, hutuama mahali pa chini kama maji.

Nilimbeba mama mgongoni mpaka uani, nikamkalisha kwenye kigoda. Ndipo nikampigia kaka.

"Namba tisa ulikiziba na nini?"

Hakuuliza kwa nini namuuliza. Alisema, "Mama yuko wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nikiivaa kwa fahari.

Alifika akihema. Alieleza yote huku akiangalia viatu vyake: siku ya kukiziba gari la saruji halikufika, na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Yeye na mafundi wake wakatumbukiza magogo, kokoto na magunia, wakamwaga saruji mita mbili juu yake, wakachomelea bamba.

"Nani angejua watarudi kusukuma kitu humo?" akasema.

"Mwaka jana ulijua."

"Si nilikwambia mhame?"

"Ulisema mbu!"

Nilitaka kumpiga. Nimekula sahani moja na mtu huyu tangu utotoni, na alininyima sentensi moja tu ya kweli.

"Ningefukuzwa," akasema. "Tafadhali, funika kombe mwanaharamu apite. Kesho nakuja na mafundi wangu, tunaongeza saruji kimya kimya."

Nikampigia mhandisi wa zamu. Nilimwambia azime pampu, kisima namba tisa kinavuja, majirani wa bondeni watolewe majumbani. Aliuliza nani alikipitisha. "Sahihi ni yangu," nikasema. "Kizibo ni cha kaka yangu."

Kaka akapiga magoti mbele ya kigoda. "Mama, mwambie huyu. Atatuangamiza sote wawili. Sisi si damu moja?"

Mama alimtazama, akitafuta pumzi.

"Ulipohama, mbwa ulimchukua," akasema.