Swali la Maji ya Kisima

Mwalimu Fridah aliinua mkono, akakunja vidole kimoja baada ya kingine, kisha akamwonyesha Nyevu ishara ya kuanza. Alama nyekundu ikawaka kwenye kioo cha simu.

"Hamjambo wazazi wetu," alisema Nyevu. "Hiki ni kipindi cha Sauti ya Mwanafunzi. Tunawajia mubashara kutoka shuleni kwetu, hapa Gongoni."

Kipindi kilirushwa kila Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Saa hiyo iliteuliwa kwa makusudi. Wazazi wengi walikuwa vibarua katika mashamba ya chumvi, na kibarua anayekosa kufika langoni asubuhi moja huenda asiitwe jina asubuhi ya pili. Kwa hiyo hawakuja mikutanoni. Mwalimu Fridah akaona ni heri mkutano uwafuate walipo, wakila mihogo yao kivulini. Wazo lilipendwa. Kampuni ya chumvi nayo ikalipenda, ikatoa simu mpya na kishikizi chake cha miguu mitatu, na ikaahidi kulipia data. Tangu siku hiyo maswali yalianza kupitia kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Bwana Thuku, afisa wa mahusiano wa kampuni hiyo. Alikuwa ameketi kando ya Nyevu, shati limenyooka, simu yake mwenyewe mkononi.

Nyevu aliuliza swali la michezo. Akauliza la vitabu. Bwana Thuku alijibu kwa ufasaha, na darasa likapiga makofi ya adabu. Lakini macho ya wenzake yalikuwa yakimchoma. Walikuwa wakingoja swali ambalo halikupita ofisini.

Tangu mabwawa mapya ya chumvi yachimbwe nyuma ya shule, maji ya kisima yalikuwa yamebadilika. Chai ya asubuhi haikunyweka. Wadogo wa kidato cha kwanza walirudi nyumbani midomo imepasuka. Darasa zima lilikuwa limemkabidhi Nyevu swali hilo, naye alikuwa amekubali. Jioni yake akamweleza baba yake, Mwaro. Mwaro alikuwa kibarua wa mabwawa hayohayo. Aliosha miguu yake kimya, akaingia ndani. Nyevu akaelewa, akaamua kulimeza swali.

"Wewe ni mtangazaji ama spika ya mwalimu mkuu?" Mapenzi, rafiki yake wa darasani, alikuwa amemkejeli asubuhi hiyo. "Spika nayo ina faida, hufutwa vumbi kila siku!"

Sasa maoni ya watazamaji yalikuwa yakipanda kwenye kioo. Pongezi. Salamu. Kisha yakatokea maneno haya: "Uliza mayo. Usiogope. Tuko nyuma yako."

Yalikuwa yameandikwa kwa jina la Joram, nyapara wa vibarua.

Nyevu aliyasoma tena. Jina lake alilirithi kwa mama mzazi wa Mwaro, na kama ilivyo desturi kwao Wagiriama, baba yake alimwita mayo, yaani mama. Joram hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Mwaro hakuwa na simu ya kuonyesha picha. Vibarua wote walitazama kipindi kwenye simu ya nyapara. Baba yake alikuwa ameishika, akaandika yaliyokuwa moyoni mwake, asijue kwamba maneno hutoka kwa jina la mwenye simu.

"Joram leo umegeuka!" aliandika mtu mwingine. "Nyapara ameasi!" akaongeza wa tatu, na vikaragosi vya kicheko vikafuata.

Bwana Thuku aliinamisha macho kwenye simu yake. Alisoma. Uso wake haukubadilika.

Kunyamaza sasa kungekuwa kumtupa baba hadharani, baada ya kutoa kauli yake. Kuuliza kungekuwa kumkabidhi kwa kampuni. Nyevu alitazama mlango, kisha alama nyekundu, na akaona kwamba pote pamefungwa.

"Bwana Thuku," alisema, "maji ya kisima chetu yameingia chumvi tangu mabwawa mapya yachimbwe. Kampuni ina mpango gani?"

Darasa lilishangilia. Bwana Thuku alingoja litulie.

"Swali zuri sana, binti. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Maji nayanywa mimi."

"Vizuri," alisema, akatabasamu kuelekea kwenye simu. "Kampuni imesikia."

Jioni Mwaro alirudi akicheka tangu uani. "Mayo, uliona nilivyokuandikia?"

"Niliona, baba. Lakini jina lililotoka ni la Joram."

"La Joram vipi? Si niliandika mimi?"

"Maneno ni yako. Simu ni yake."

Kicheko kilimkatika. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika kichwa. "Basi nimemchoma mwenzangu. Na akiulizwa atanitaja. Mimi ningekuwa yeye, ningetaja."

Joram aliulizwa, naye akataja. Jumatatu, langoni, Mwaro aliitwa wa kwanza, akapelekwa ofisini moja kwa moja. Vibarua walimwangalia kama maiti inayotembea. Alitoka huko na sare mpya begani. Kampuni ilikuwa imempa ajira ya kudumu: mlinzi wa mabwawa mapya, yale ya nyuma ya shule.

"Hawakunigombeza, mayo!" alisema usiku wakila, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Bwana Thuku kanipa mkono. Kasema mzazi mwenye binti jasiri anafaa kuaminiwa. Miaka yote hiyo langoni, leo nina kazi yenye jina."

Nyevu alimpongeza. Kisha akaisukuma kando sahani yake.

Ijumaa lori la maji matamu liliegeshwa uwanjani, limefungwa bango la kampuni. Lilikuja kwa siku ile tu. Mwalimu Fridah alimpa Nyevu karatasi bila kumtazama.

"Ni maneno ya shukrani. Yametoka ofisini. Mimi nimeambiwa nikupe."

"Na kisima, mwalimu?"

"Kisima hakimo humo."

Mapenzi alisoma juu ya bega la rafiki yake. Safari hii hakukejeli. "Mla cha mwenzie, na chake huliwa," alisema polepole. "Usipoisoma?"

"Baba yuko kazini leo. Amevaa sare."

Mapenzi akaenda kuketi nyuma.

Nyevu alisoma. Alisoma kwa sauti ileile safi iliyomfanya ateuliwe, kila neno mahali pake: ukarimu, ushirikiano, ujirani mwema. Mioyo myekundu ilipanda kwenye kioo. Darasani hakupiga makofi mtu, ila mwalimu mkuu.

Bwana Thuku, aliyekuwa mgeni tena siku hiyo, aliegemea karibu naye ili waonekane wote wawili.

"Watazamaji, huyu ndiye binti asiyeogopa kuuliza. Haya, Nyevu. Mbele ya wazazi wote, una swali lolote kwetu leo?"

Swali lilikuwa mdomoni, lenye ladha ya chumvi kama chai ya asubuhi. Lilikuwa fupi. Lingechukua pumzi moja.

"Leo sina, Bwana."

"Ahsante sana," alisema Bwana Thuku, akainuka.

Kipindi kilikuwa kimekwisha. Lakini Mwalimu Fridah hakuzima. Alisimama nyuma ya simu, kidole kikielea juu ya kioo, macho yakimsihi Nyevu. Alikuwa akimpa muda wa kuuliza. Alama nyekundu iliendelea kuwaka, na Nyevu, asiyejua pa kuyapeleka macho yake, alitabasamu, akaendelea kutabasamu mpaka mashavu yakamuuma.