Mlango Uliofungukia Nje

"Funga mlango," nilisema, na watu wote waliosongamana kibarazani mwa ofisi ya kijiji wakanigeukia kana kwamba nimetukana.

"Tuufunge tena, fundi?" muuza mkaa akauliza. "Tumesikia tangazo la malisho limebandikwa hapa. Tumekuja kulitafuta au kumfungia mtu?"

"We funga tu. Utaliona."

Akaufunga. Na pale ukutani, mahali ambapo mlango ulikuwa ukilalia kila siku ya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, palikuwa na karatasi nyeupe pe, haijaguswa na jua, haijaguswa na vumbi, pembe zake nne zimebanwa kwa pini mpya. Ofisi ikiwa wazi, mlango unaifunika. Ofisi ikifungwa, nani ana shughuli na ofisi iliyofungwa, nyuma kabisa ya mashine ya kusaga, pasipopita hata mbuzi?

Watu wangepiga kelele ningepumua. Walisogea mmoja mmoja, wakaitazama ile karatasi kama watu wanaotazama nyoka aliyekwisha kuuma.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, mwalimu mstaafu, akavaa miwani akatusomea. Malisho yetu yote, kutoka kisimani mpaka kilimani, "pamoja na eneo tupu lililo ukingoni mwake", yangejengwa nyumba mia mbili za kisasa, ukuta kuzizunguka, lango na walinzi. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Siku thelathini zilikuwa zimekwisha Jumatatu. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Hilo eneo tupu ni lipi?" mtu akauliza.

Shemeji akabandua pini mbili za chini, akainua karatasi, nyuma kulikuwa na ramani. Akaweka kidole, kisha akanitazama mimi, na nikajua.

Eneo tupu lilikuwa sisi. Nyumba sita, na yangu ya tatu. Nyumba niliyoiezeka mwenyewe, na kuta zake mke wangu alizisiliba udongo kila kiangazi kwa viganja vyake miaka ishirini na sita, hakutaka mwiko wala ubao, alisema udongo unataka kubembelezwa. Vidole vyake vipo mpaka leo juu ya dirisha la chumbani, mistari minne minne kama mtu aliyechana nywele. Mpima ardhi alipita pale na vyombo vyake, akanywa maji yangu, akaandika: tupu.

Sasa niseme nilijuaje karatasi iko wapi. Nilijua kwa sababu mlango ule niliupachika mimi.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Mkuu wa ofisi, yule tuliyempa jina la Njoo Kesho kwa sababu ndiyo salamu yake, aliletewa meza mpya. Meza gani, kitanda! Ukiiingiza ndani, mlango haufunguki zaidi ya kiganja. Akaniita.

"Fundi, ugeuze mlango ufungukie nje."

"Mlango wa ofisi hufungukia ndani, mkubwa," nikamwambia. "Na mvua za huku zitakula mbao."

"Wewe una darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi."

Basi. Neno moja, nikachukua bisibisi. Mke wangu alipita kuniletea chai, akasimama na birika mkononi, akauchezesha mlango mbele na nyuma. "Baba, mlango huu utawapiga watu vifuani. Mgeni akigonga, ndio unamsukuma arudi kwao." Akacheka kile kicheko chake cha puani. Mimi nikamjibu jibu la kijinga, kwamba mwenye mlango ndiye anayejua anataka nini. Na kweli alijua.

Lakini si hilo lililonichoma siku ile ya karatasi. Lililonichoma lilikuwa chini kabisa, karibu na muhuri. Shemeji alilisoma kwa sauti ya chini, akalirudia kana kwamba macho yamemdanganya. Tarehe. Tangazo lilibandikwa siku moja baada ya sisi kumzika mke wangu.

Kijiji kizima kilikuwa kwangu. Wanawake jikoni, wanaume chini ya turubai, hata mashine ya kusaga ilizimwa. Kama kuna siku ambayo mtu angeweza kubandika tangazo ofisini na asionekane na kiumbe, ni siku ile. Na Njoo Kesho mwenyewe alikuja. Alikaa kwenye kiti nilichokichonga mwaka tuliooana, akala sahani mbili, akasema marehemu alikuwa nguzo. Kisha akasema, nakumbuka kama jana: "Ukihitaji lolote, fundi, ofisi iko wazi."

Ilikuwa wazi, naam. Ndiyo maana tangazo halikuonekana.

Ijumaa ile aliyetoka kutujibu hakuwa yeye, alikuwa bwana mipango kutoka makao makuu, kijana mwenye viatu vyenye ncha. Alisimama mlangoni akisema sheria imefuatwa, tangazo limebandikwa jengo la umma, siku zimetimia, pingamizi hakuna, na maendeleo hayamngojei mtu.

"Maendeleo ya nani?" bibi mmoja mfuga ng'ombe akamuuliza. "Ng'ombe wangu watapita langoni waonyeshe kitambulisho?"

Watu wakacheka, na kile kicheko kikageuka kuwa kelele, na kelele zikamrudisha bwana mipango ndani. Alitaka kuufunga mlango nyuma yake. Ikabidi atoke nje kuufuata, autafute katikati ya watu, auvute. Hakuna aliyempisha. Nilimwona akinyoosha mkono kwa mbali kama mtu anayeomba, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Shemeji aliandika rufaa usiku kucha? Hapana, aliandika saa ile ile, juu ya mapaja yake, amekaa kwenye ngazi ya ofisi yenyewe. Aliandika jambo moja tu: tangazo lisiloonekana si tangazo. Wiki ya tatu tukajibiwa kwamba kamati ya watu watatu ingekuja kuona kwa macho.

Siku mbili kabla kamati haijaja, nilikuwa karakanani napiga randa, muuza mkaa akanijia anahema.

"Fundi, njoo uone miujiza. Mlango umeokoka."

Nikaenda. Mlango ulikuwa unafungukia ndani. Ile meza kubwa ilikuwa imetolewa, iko kibarazani imefunikwa gunia. Ukuta ulikuwa mweupe, na tangazo liko palepale, linamtazama kila apitaye utadhani halijawahi kufunikwa tangu dunia iumbwe. Njoo Kesho alikuwa dirishani anakunywa soda.

"Karibu, fundi," akasema. "Leo si kesho."

Nililala na hasira ile, nikaamka nayo. Nisingejali kuonewa na mtu mwerevu. Lakini hawa walituona sisi wajinga kiasi kwamba hata uongo hawakuuhangaikia. Fundi waliyemleta kutoka mbali alikuwa na haraka. Alihamisha bawaba, akaziba matundu ya zamani kwa puti, akapaka rangi. Akasahau kwamba fremu ya mlango ina ngazi ndani yake, ule ukingo unaoegemewa na mlango ukifungwa. Ukingo nilioukata mimi uko upande wa ndani, kwa sababu mlango wangu ulitoka nje. Mlango wao ulikuwa hauna pa kuegemea. Waliuzuia kwa kipande cha mti walichokipigilia misumari miwili upande wa pili.

Kamati ikaja. Mwenyekiti wake alikuwa mama mtu mzima, mpole, ana daftari. Shemeji alisema maneno yake, bwana mipango akasema yake, na Njoo Kesho akaapa kwamba mlango haujawahi kuguswa.

"Mwenye ushahidi?" mama akauliza.

Nikasogea na patasi. Nikabandua puti tundu la kwanza, la pili, la tatu, zikaanguka miguuni pao kama meno. Nikamwonyesha mama ukingo. Nikamwambia apitishe kidole. Akapitisha.

"Mbao haiwezi kukumbuka vibaya, mama," nikasema. "Sisi ndio tunaoweza. Mlango huu ulifungukia nje miaka mitatu. Niliupachika mimi."

Kijiji kikanguruma. Nikadhani tumeshinda.

Ndipo bwana mipango akakohoa. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema kwa sauti tamu, "fundi amekiri. Mlango wa ofisi ya umma aliupachika kinyume cha utaratibu. Ofisi haikuwa na nia mbaya. Ofisi nayo imekosewa na fundi."

"Nani aliyeniamuru?" nikamgeukia Njoo Kesho. "Mkubwa, si wewe uliyeniuliza nina darasa la ngapi?"

"Una karatasi ya agizo hilo?" akajibu, hata kope hazikucheza.

Karatasi! Mimi nimejenga nusu ya madirisha ya kijiji kwa maneno ya mdomo tu. Nani kwetu anamwandikia fundi karatasi? Mtu anakuja, anasema upana huu, anapima kwa mikono, tumemaliza.

Yule mama alituita pembeni, mimi na shemeji. Alisema taratibu, na naamini alidhani anatusaidia. Akiandika kwamba ofisi ilificha tangazo, jambo litakwenda juu, litakaa miaka, na matingatinga hayatasubiri. Lakini akiandika kwamba tangazo halikuonekana kwa kosa la fundi, yeye mwenyewe ana mamlaka ya kulifuta leo, na siku thelathini zianze upya. Ilihitajika tu fundi akubali kwa sahihi.

"Usitie," shemeji akaninong'oneza. "Shemeji, usitie. Dada angekuwepo asingekubali."

"Dada yako ndiye aliyeniambia mlango ni mbaya," nikamjibu. "Nikauweka."

"Kuweka mlango siyo kuficha karatasi!"

"Najua."

Nilijua, na najua. Nilitazama malisho. Ng'ombe walikuwa wametawanyika hadi kilimani, na paa la nyumba yangu lilionekana kwa mbali, limekaa palipoandikwa hapana kitu. Nikachukua kalamu. Mimi huandika jina langu herufi moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na siku ile nilivuka polepole sana, ili wakubwa wale wote wasimame juani waningoje.

Siku thelathini zilipoanza upya, hapakuhitajika tangazo. Shemeji alifungua darasa mbele ya mashine ya kusaga, akawashika mikono wazee wasiojua kalamu. Watu walipinga mpaka karani akaishiwa na mafaili. Bibi mfuga ng'ombe alipinga mara mbili, mara moja kwa ajili yake, mara moja kwa niaba ya ng'ombe, na karani akapokea zote. Miezi saba baadaye barua ikaja: mradi umeondolewa. Haikusema kwa sababu yenu. Ilisema kwa sababu za kibiashara. Hata kushinda kwetu walitunyang'anya.

Njoo Kesho alipandishwa cheo. Bwana mipango, nasikia, sasa anafundisha wenzake namna ya kushirikisha wananchi.

Na mimi? Malisho yapo. Nyumba ipo. Lakini katika faili lililoko makao makuu, ukurasa ninaoujua kwa sababu shemeji alikwenda akaunakili, imeandikwa kwamba wananchi hawa walikosa haki yao kwa uzembe wa fundi seremala, mwenyewe amekiri, sahihi yake hii hapa. Zabuni ya madawati ya shule ilipotoka, niliambiwa jina langu lina doa. Wanakijiji wenyewe, wale wale, kwa utani wao usio na ubaya, wakinipa kazi ya mlango husema, "Fundi, ndani au nje?" Nami hucheka nao. Nicheke na nani mwingine, na nyumba yangu ina sufuria moja?

Mwezi uliopita shemeji alikuja na barua aliyoichapisha mjini. Nzuri sana. Ina tarehe zote, ina majina yote, inaeleza meza, inaeleza puti, inadai faili lisahihishwe na jina langu lisafishwe. Alinisomea yote, nikamwambia arudie mwanzo.

"Naomba kwa heshima na taadhima," akasoma.

"Hilo neno la kwanza liondoe."

"Shemeji, barua ya ofisini haianzi bila hilo neno. Hawataipokea."

"Walinichafua bila kuniomba."

Akakunja miwani yake, akaiweka barua mezani, na kalamu juu yake isipeperuke. Ipo hapo. Nikila, naisogeza kidogo ili isiingie mchuzi.